Kazi ya ofisi mchana kutwa, foreksi usiku: je, saa zangu zinatosha?

Msafiri_wa_Rongai aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Nafanya kazi ya ofisi Upper Hill, Nairobi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Nyumbani ni Rongai, kwa hivyo natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi karibu saa mbili usiku. Nimefanya demo (mazoezi kwa pesa za kubuni) miezi minne kwenye MetaTrader 4, programu ya biashara hii, jozi za EURUSD (euro kwa dola) na GBPUSD (pauni kwa dola), chati ya dakika 15 (kila mshumaa, yaani alama moja ya bei, ni dakika 15), stopu (bei ya kufunga oda yenye hasara) ya pipu 15 (pipu ni hatua ndogo ya bei, 0.0001). Sasa nataka kuweka pesa halisi kwenye foreksi (biashara ya sarafu), KSh 50,000. Si pesa za kodi ya nyumba wala karo.

Nauliza mambo matatu. Kwanza, nikikaa kwenye chati saa mbili hadi saa nne usiku kila siku, muda huo unatosha? Pili, kupata KSh 20,000 kwa mwezi juu ya mshahara ni lengo la haki kwa mtaji huo? Tatu, nitajuaje broka (kampuni ya kunifungulia akaunti ya biashara) ni halali kabla sijamtumia pesa? Naomba hesabu kamili, maana maneno ya kutia moyo nimeyasikia ya kutosha.

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Ndugu, mbinu yako inaweza kuwa nzuri kabisa na bado ukapoteza, kwa sababu umechagua saa ambazo soko limelala.

EURUSD na GBPUSD huchangamka kuanzia London inapofungua hadi New York inapofika katikati ya siku yake ya kazi. Kenya haibadilishi saa lakini wao hubadilisha, kwa hivyo kwetu kuna ratiba mbili. Majira ya joto ya Ulaya, London hufungua saa nne asubuhi, New York saa tisa alasiri, na London huondoka saa moja jioni. Majira ya baridi, kila kitu husogea mbele kwa saa moja: saa tano, saa kumi, saa mbili usiku. Kwa maneno mengine, wewe ukifika nyumbani, wenye pesa nyingi za euro na pauni wameshafunga meza. New York inabaki peke yake ikipungua nguvu, na Tokyo haifunguki hadi saa tisa usiku. Katika pengo hilo bei inaweza kuzunguka mahali pamoja saa mbili nzima.

Sasa tia spredi, tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, kwenye hesabu. Ukilipa spredi ya pipu 1.5 na stopu yako ni pipu 15, umetoa asilimia 10 ya hatari yako kabla bei haijasogea. Spredi hiyo hiyo kwenye stopu ya pipu 75 ni asilimia 2 tu. Chati ndogo usiku ni ghali, hata kama broka amekuambia hakuna komisheni.

Mpangilio sahihi kwa mwajiriwa ni huu: muda ulio nao ndio unaochagua chati, chati inachagua upana wa stopu, na stopu inakuambia mtaji unaohitajika. Watu wengi huanzia mwisho, kwenye mtaji, kisha wanabana stopu ili iingie. Stopu iliyobanwa hupigwa na mtikisiko wa kawaida wa siku, halafu bei inakwenda kule kule walikotarajia.

Kwa muda wako, chati ni ya siku, au ya saa nne (kila mshumaa ni muda wa saa nne) ukiweza kuiangalia mchana. Hesabu yake ni hii. KSh 50,000 kwa kiwango cha karibu shilingi 129 kwa dola ni takriban dola 387. Ukihatarisha asilimia 1 ya mtaji kwa kila oda (biashara moja ya kununua au kuuza), ni dola 3.87. Loti (kipimo cha ukubwa wa oda) ndogo kabisa kwenye akaunti ya kawaida ni 0.01, yaani uniti 1,000 za sarafu, na kwa EURUSD kila pipu ni dola 0.10. Gawanya 3.87 kwa 0.10: stopu pana kabisa unayoweza kuibeba ni pipu 38. Chati ya siku mara nyingi hudai pipu 60 hadi 90. Weka ATR (kipimo cha wastani wa mwendo wa bei) ya siku 14 uone mwenyewe soko linatembea kiasi gani wiki hii. Ukiweka pipu 75 kwa loti 0.01 utahatarisha dola 7.50, karibu asilimia 2 ya mtaji. Ukiwa na oda mbili wazi, EURUSD na GBPUSD zote za kununua, hizo si oda mbili kwa kweli. Zote mbili ni dau moja dhidi ya dola, na umeshafika asilimia 4.

Njia za kutoka hapo ni mbili. Ama uanze na akaunti ya senti, ambapo loti 0.01 huwa ni uniti 10, ukaweza kupima hatari kwa usahihi hata kwa mtaji mdogo. Ama ubaki kwenye jozi moja, oda moja kwa wakati, hadi mtaji ufike karibu dola 750. Mimi napendelea ya kwanza, kwa sababu kwenye loti 0.01 ya kawaida huwezi kufunga nusu ya oda. Hakuna nusu ya 0.01.

Na lengo la KSh 20,000? Chukua mtu anayeshinda oda 40 katika 100, na akishinda hupata mara mbili ya alichohatarisha. Wastani wake ni 0.4 × 2 kutoa 0.6 × 1, sawa na 0.2 ya hatari kwa kila oda. Akiingia mara sita kwa mwezi kwa asilimia 1, ni ongezeko la asilimia 1.2. Kwa KSh 50,000 hiyo ni KSh 600. Tena huo ni wastani wa mtu mwenye mbinu inayofanya kazi. Njiani atapigwa mara sita au saba mfululizo, na hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa kiwango hicho cha ushindi. Kutafuta 20,000 kwa mwezi kutoka 50,000 ni kutafuta asilimia 40, na hakuna ukubwa wa loti unaoweza kukupa hiyo bila kukuweka kwenye hatari ya kufuta akaunti ndani ya wiki mbili.

---

Chati_Alfajiri alijibu:

Nakubaliana na hesabu hizo. Niongeze utaratibu wenyewe, maana hapo ndipo waajiriwa wengi huharibu.

Usiamke usiku wa manane kusubiri mshumaa wa siku ufungwe. Mabroka wengi hupanga saa za seva (kompyuta yao kuu) ili siku iishe saa kumi na moja jioni ya New York. Kwetu hiyo ni saa sita usiku majira ya joto, na saa saba usiku majira ya baridi. Dakika hizo ndizo mbaya kuliko zote za kubofya: benki zinahamisha hesabu kwenda siku mpya, wanaonukuu bei wanapungua, na spredi ya GBPUSD iliyokuwa pipu 1.5 inaweza kufika 8 au 10 kwa dakika kadhaa. Angalia saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kutoka. Mshumaa umeshafungwa saa nyingi, Tokyo iko kazini, spredi imerudi chini, na hakuna kitu kikubwa kitakachotokea hadi London.

Dakika 15 zinatosha, zikifuata mpangilio huu:

Fungua kalenda ya habari za uchumi, ukiwa umeiweka GMT+3 ili usihesabu kichwani. Ona kama leo kuna jambo zito kwa jozi yako.

Angalia mshumaa wa jana kwenye chati ya siku. Kama haujakupa sababu ya kuingia, funga simu. Siku nyingi zitakuwa hivyo, na siku ya namna hiyo ni ya kazi kama nyingine.

Kama sababu ipo, andika bei tatu kwenye karatasi kabla ya kugusa oda: ya kuingia, ya stopu, ya kuchukua faida. Piga hesabu ya loti: dola unazokubali kupoteza, gawanya kwa pipu za stopu mara thamani ya pipu.

Weka oda ya kusubiri, ile inayojifungua yenyewe bei ikifika, ikiwa na stopu na lengo ndani yake tangu mwanzo. Iwekee muda wa kuisha, kwa mfano saa mbili usiku, ili wazo la alfajiri lisije likafunguka kesho kutwa wakati hali imebadilika.

Stopu na lengo vilivyowekwa kwenye oda hukaa kwenye seva ya broka. Stima ikipotea nyumbani, bando likiisha, simu ikizima kwenye matatu, bado vinafanya kazi. Stopu inayojisogeza yenyewe kufuata bei ni tofauti: hiyo kwenye MetaTrader huendeshwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako. Ukiizima kompyuta, stopu inabaki mahali ilipofikia. Mtu anaiwasha asubuhi, anazima laptopu, anakwenda kazini akiamini analindwa. Kama mpango wako ni kusogeza stopu, isogeze kwa mkono mara moja kwa siku, alfajiri hiyo hiyo.

Kazini usifungue chati. Weka tahadhari ya bei kwenye simu ikulie mlio bei ikifika mahali muhimu, basi. Usitumie laptopu wala intaneti ya mwajiri. Na usome mkataba wako wa kazi, hasa ukiwa benki au kampuni ya uwekezaji, kwa sababu mikataba mingine hudai utangaze biashara ya aina hii kabla ya kuianza.

---

Meza_ya_Mchana alijibu:

Chati_Alfajiri, mimi ningemwachia nafasi ya mchana. Kwa mabroka wenye seva hizo ulizotaja, saa ya seva majira ya joto huwa sawasawa na saa ya Nairobi, kwa hivyo mishumaa ya saa nne hufungwa saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni, saa mbili usiku. Majira ya baridi hufungwa saa tatu, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, saa tatu usiku. Ona saa sita na saa saba: ni mapumziko ya chakula cha mchana. London imeshafanya kazi saa mbili, imeonyesha inaelekea wapi, na New York haijaingia. Mwajiriwa anaweza kuangalia mshumaa mmoja, dakika kumi, kwa simu na bando lake mwenyewe. Stopu ya chati hiyo huwa kati ya pipu 30 na 40, na hadi pipu 38 inaingia kwenye dola zake 387 bila kulazimisha.

Kinachoharibu ni habari za Marekani baada ya hapo. Takwimu za ajira za Marekani hutoka saa mbili na nusu asubuhi ya New York, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Kwetu ni saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu. Mfumuko wa bei wa Marekani hutoka saa hizo hizo. Uamuzi wa riba wa benki kuu yao hutoka saa tatu usiku au saa nne usiku, na nusu saa baadaye mwenyekiti huongea na wanahabari, na bei inaweza kugeuka kinyume kabisa. Siku hizo usiweke oda ya mchana. Stopu haiahidi bei. Inaahidi tu kwamba oda itafungwa kwa bei ya kwanza itakayopatikana. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa euro, stopu za watu zilifungwa mbali sana na zilipoandikwa, na wengine wakabaki na deni kwa broka.

---

Msafiri_wa_Rongai:

Asanteni sana. Meza_ya_Mchana, hiyo ya saa saba inanifaa. Lakini kuna jambo limenitatiza kwenye demo: mara mbili oda zangu za kuuza zilifungwa usiku kwa stopu, na nikiangalia chati, bei haikufika pale kabisa. Broka anadanganya?

---

Hesabu_Kwanza alijibu:

Huenda hadanganyi. Chati ya MetaTrader huonyesha bei moja tu, ile ya kuuzia. Oda ya kuuza hufungwa kwa kununua, kwa hivyo stopu yake hupigwa na bei ya kununulia, ambayo iko juu zaidi kwa kiasi cha spredi. Stopu ikiwa 1.0950, bei ya chati ikafika 1.0944, na spredi ikapanuka hadi pipu 7 saa sita usiku, bei ya kununulia imefika 1.0951. Umefungwa, na mshumaa unaonyesha nafasi ya pipu 6.

Ingia kwenye mipangilio ya chati uwashe mstari wa bei ya kununulia. Kisha kwa kila oda ya kuuza utakayolaza (kuiacha wazi usiku), ongeza kwenye stopu spredi ya usiku, usitumie ile ya mchana, na upunguze loti ili hatari ibaki ile ile.

Ukilaza oda utakutana pia na swopu, riba ya kubeba sarafu moja dhidi ya nyingine. Inatozwa au kulipwa saa ile ile siku inapoisha, na kwa jozi nyingi usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi huhesabiwa mara tatu ili kufidia wikendi. Bonyeza jina la jozi, usome maelezo yake: swopu ya kununua na ya kuuza zimeandikwa hapo. Kwa oda ya siku tatu ni senti tu. Kwa oda ya wiki sita inaweza kula faida nzima.

Ijumaa usiku amua. Soko hufungwa hadi usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, na likifungua linaweza kuruka stopu yako.

---

Mkaguzi_wa_Leseni alijibu:

Najibu swali la tatu, maana pesa nyingi hupotea hapo kabla hata oda moja haijafunguliwa.

Kenya foreksi ya mtandaoni iko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, kwa kanuni za mwaka 2017. Leseni ni za aina tatu: broka asiyeshika upande wa pili wa oda zako, broka anayeushika, na msimamizi wa fedha. Ingia tovuti ya CMA, tafuta orodha ya wenye leseni, ulinganishe jina la kampuni neno kwa neno. Jina la biashara kwenye tangazo na jina la kampuni kwenye leseni huweza kutofautiana. Kosa la kawaida zaidi ni hili: kampuni moja ina tawi lenye leseni ya Kenya na tawi jingine limesajiliwa kisiwani ng'ambo, na fomu uliyojaza ilikuandikisha kwa lile la ng'ambo. Soma ukurasa wa kwanza wa mkataba wa mteja uone uliweka saini na nani. Ukiwa na la ng'ambo, lalamiko lako litakwenda huko.

Yeyote kwenye Telegram au WhatsApp anayesema mpe nenosiri akufanyie biashara mgawane faida, anafanya kazi ya msimamizi wa fedha. Muulize leseni. Kama hana, mazungumzo yameisha.

Usitume KSh 50,000 kwa mara moja. Tuma 2,000 kwa M-Pesa, fungua oda moja ndogo kabisa, funga, kisha toa 1,500. Pima mambo mawili: pesa zimechukua saa ngapi kurudi, na viwango vya kubadilisha dola. Broka akikupa dola kwa 131.50 ukiweka na kuinunua kwa 127 ukitoa, umeacha karibu asilimia 3.4 njiani, na hiyo ni zaidi ya faida ya miezi miwili kwa hesabu aliyokupa Hesabu_Kwanza. Jina kwenye laini ya M-Pesa lazima liwe lile la akaunti, la sivyo utoaji utakwama. Bonasi ya kuweka pesa ikatae, kwa sababu mara nyingi huja na sharti la kufanya loti kadhaa kabla ya kuruhusiwa kutoa.

Kumbuka pia kwamba dola zilizolala kwenye akaunti zina hatari yake. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na ndani ya miezi michache ikashuka hadi karibu 130. Aliyekuwa na dola 1,000 bila kufanya oda yoyote alipoteza takriban KSh 30,000 kwa thamani ya shilingi.

Levareji (mkopo wa broka unaokuza ukubwa wa oda yako) ya 1:400 isikutishe wala isikuvutie. Inapunguza tu pesa zinazozuiliwa kama dhamana. Pipu moja ya loti 0.01 inabaki senti 10 za dola. Hatari ni kwamba inakuruhusu kufungua loti 0.50 kwa dola 387, na hapo pipu 60 ni dola 300. Mamlaka ya Ulaya, ESMA, ilipoweka kikomo cha 1:30 kwa jozi kubwa mwaka 2018, ilieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wadogo hupoteza pesa.

Kodi: kila Januari toa taarifa nzima ya akaunti ya mwaka uliopita uihifadhi. Marejesho ya kodi kwenye iTax mwisho wake ni tarehe 30 Juni, na faida hii hutangazwa pamoja na mshahara. P9 ya mwajiri (fomu ya kodi ya mshahara) haiihesabu.

---

Msafiri_wa_Rongai:

Basi nimepanga hivi: akaunti ya senti, EURUSD peke yake, chati ya saa nne saa ya chakula cha mchana, hatari asilimia 1, hakuna oda siku za ajira na mfumuko wa Marekani. Nianze Machi. Kuna kasoro?

---

Meza_ya_Mchana alijibu:

Machi yenyewe. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho. Katikati hapo London bado hufungua saa tano asubuhi kwetu, lakini New York imeshahamia saa tisa alasiri, na ajira na mfumuko vinatoka saa tisa na nusu. Seva nyingi hufuata Marekani, kwa hivyo mshumaa wako wa mchana utahama kutoka saa saba hadi saa sita huku London ikiwa imefanya kazi saa moja tu. Wiki hizo tumia mshumaa wa saa kumi jioni, au usiingie. Mwishoni mwa Oktoba hali hiyo hujirudia kwa wiki moja, kwa sababu Ulaya hutangulia na Marekani hufuata Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Na kabla ya kuanza, fungua seva ya broka uliyemchagua ulinganishe saa yake na ya simu yako. Ikiwa iko GMT mwaka mzima, mishumaa yako ya saa nne itafungwa saa tano asubuhi, saa tisa alasiri na saa moja jioni, na mpango wote wa mchana itabidi uupange upya.